UZI: Niliuza nyumba nikiwa ndani ya ufilisi. Mnunuzi wa kwanza alinikimbia, na kosa lilikuwa langu

Ngalawa Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili nimekaa nalo miezi kadhaa nikijishauri niliandike au nilale nalo. Deni ni aibu, na nyumba kuuzwa ukiwa na deni ni aibu juu ya aibu. Ila juzi kijana mmoja alinifuata faraghani: "Kaka, nimeshapeleka maombi ya kufilisika, naweza kuuza nyumba yangu?" Akanionyesha na majibu aliyokwisha kupewa na washikaji zake. Nikasema hapana, huyu anakwenda kuungulia palepale nilipoungulia mimi.

Yangu yalitokea Marekani, kwa hiyo sheria nitakazozitaja ni za huko. Walio kwingine watatuambia ya kwao.

Kwanza msamiati, maana mwenyewe nilikuwa nachanganya. Mufilisi ni mimi, niliyeishiwa. Mfilisi ni yule anayeteuliwa kusimamia mali ya mufilisi kwa niaba ya wadai. Herufi moja tu inawatenganisha, lakini mmoja anahesabu na mwingine anahesabiwa.

Mtu wa kawaida kule hufilisika kwa njia mbili kubwa. Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi unaweka mali yako mezani, kisicholindwa na sheria kinauzwa, wadai wanagawana, na madeni mengi yanafutwa ndani ya miezi michache. Sura ya 13 unabaki na mali yako ila unalipa kidogo kidogo kwa mpango wa miaka 3 hadi 5 ambao mahakama imeuidhinisha. Mimi niliingia ya 13 kwa sababu moja: nilikuwa nyuma miezi saba kwenye rehani na tarehe ya mnada ilishatangazwa. Wakili alipowasilisha maombi, mnada ukasimama siku hiyohiyo. Hakuna jaji aliyesikiliza chochote. Zuio huanza lenyewe maombi yakishapokelewa.

Nikatulia, nikalipa. Mwaka wa pili wa mpango nikapata kazi jimbo jingine, kazi nzuri. Nikaona niiuze nyumba, nilipe kinachodaiwa, nianze upya. Nikamwita dalali, bango likasimama, siku ya tisa mnunuzi akaja na bei nzuri. Nikasaini.

Wakili wangu sikumwambia. Sikuficha, wallahi, haikunipitia tu akilini. Hati ina jina langu, rehani nalipa mimi, bomba likipasuka nalala macho mimi. Nani mwingine wa kuulizwa?

Aliyeuliza ni kampuni ya hati. Kabla ya siku ya kukabidhiana hao hupekua kila kumbukumbu yenye jina la muuzaji, na jina langu likachomoza kwenye daftari la mahakama ya ufilisi. Wakapiga simu, swali moja: "Amri ya mahakama inayokuruhusu kuuza iko wapi?"

Nitaendelea jioni, niko kazini.

Kipepeo

Nimevuta kigoda. Ila mkuu, na usinichukie, si ungemwandikisha mdogo wako hiyo nyumba kabla hujapeleka maombi? Ungekuja kuuza kwa raha zako baadaye. Kuna jamaa aliniambia ndivyo wanavyofanya wajanja.

Karani Mstaafu

Kipepeo, huyo jamaa yako akili zake usizichanganye na zako, ziache kama zilivyo.

Nimefanya kazi kwenye ofisi za mawakili wa ufilisi kwa muda mrefu, na hiyo ya "nimempa mdogo wangu" ndiyo karata ya kwanza kila mfilisi anayoitafuta. Fomu ya maombi yenyewe inakuuliza, kwa kiapo, umemhamishia nani mali gani katika miaka 2 iliyopita. Sheria ya ufilisi ya Marekani inampa mfilisi uwezo wa kurudi nyuma miaka hiyo 2 na kutengua uhamisho wa namna hiyo. Akiamua kutumia sheria ya jimbo badala yake, majimbo mengi yanampa miaka 4.

Na kutenguliwa ndiyo nafuu. Ukihamisha mali kwa nia ya kuwakwepa wadai ndani ya mwaka 1 kabla ya maombi, mahakama inaweza kukunyima kufutiwa madeni kabisa. Yaani nyumba imekwenda, mdogo wako ameburutwa mahakamani, na madeni yote unayo. Ukidanganya kwenye kiapo chenyewe hiyo inakuwa jinai, na kifungo chake kinafika miaka 5.

Niliona mzee mmoja, mtu wa watu, amemwandikisha binti yake nyumba kwa mapenzi tu, bila ujanja wowote, kwa kuwa alihisi afya inamtupa mkono. Baada ya mwaka na miezi akafilisika. Nia yake ilikuwa safi na bado nyumba ilirudishwa, kwa sababu alitoa bila kulipwa chochote wakati tayari madeni yamemzidi. Hapo nia haiulizwi.

Mwanagenzi

Mzee wangu Karani, shikamoo. Sasa vipi kama namuuzia mtu baki, kwa bei ya soko, kabla ya kupeleka maombi? Hapo nako kuna kosa?

Karani Mstaafu

Marahaba. Kuuza kwa bei halali kwa mtu baki si kosa. Mtego uko kwenye fedha baada ya kuuza.

Nyumba unayoishi ina kinga ya makazi, yaani kiasi fulani cha thamani yako ndani yake ambacho wadai hawakigusi. Kiasi hicho hutofautiana mno. Kwenye orodha ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, ni dola 31,575 kwa mtu mmoja, kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Texas na Florida hazijaweka kikomo cha thamani, zimeweka cha ukubwa wa eneo: nusu eka kwa nyumba ya mjini Florida, eka 10 Texas. Ila usikimbilie huko kununua jumba ukajiona mjanja. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2005, nyumba uliyoipata ndani ya siku 1,215 kabla ya maombi inawekewa kikomo cha shirikisho hata kama jimbo halina kikomo.

Turudi kwenye swali. Nyumba ilikuwa na kinga. Umeiuza, sasa una fedha benki. Je, fedha nazo zina kinga ileile? Majimbo mengine yanasema ndiyo, kwa muda. Texas na California fedha za mauzo ya makazi hulindwa miezi 6, zikingoja uzitie kwenye nyumba nyingine. Kuna mtu wa Texas aliuza nyumba akiwa tayari ndani ya Sura ya 13, fedha hakuzirudisha kwenye nyumba ndani ya miezi hiyo 6, na mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 5 (mizunguko ni kanda za mahakama za rufaa za shirikisho) mwaka 2014 ikasema kinga imekwisha. Zikaliwa.

Kwingine kinga inaondoka siku uliyouza. Mtu aliyekuwa na nyumba iliyolindwa anaamka na akaunti iliyo uchi. Kwa hiyo swali la "niuze kwanza au nifilisike kwanza" halina jibu la jumla, na wakili akikujibu bila kukuuliza uko jimbo gani, tafuta mwingine.

Ngalawa Mbovu

Nimerudi. Asante Karani, umenisaidia kuandika nusu ya uzi.

Basi, amri sikuwa nayo. Nikampigia wakili wangu. Kimya kwenye simu, halafu akasema, "Umesaini?" Nikasema nimesaini. Akashusha pumzi ile ya mtu anayehesabu hadi kumi.

Mambo yenyewe yako hivi. Kwenye Sura ya 13 muuzaji ni wewe mwenyewe, si mfilisi. Ila unaomba ruhusa. Wakili anaandika ombi: nyumba ipi, mnunuzi nani, mna undugu au hamna, bei gani, nani analipwa nini na anayebaki na salio nani. Wadai wote wanatumiwa taarifa, na sheria inawapa siku zisizopungua 21 wapinge wakitaka. Hakuna aliyepinga, jaji anasaini. Hapo ukidhani umemaliza, amri nayo inalala siku 14 kabla ya kuanza kufanya kazi, isipokuwa jaji aifute ile subira.

Jumlisha mwenyewe. Wiki tano, kama kila mtu yuko macho na hakuna sikukuu katikati. Sisi tulikwenda wiki saba.

Mnunuzi wangu alikuwa na kiwango cha riba alichofungiwa na benki yake kwa siku 45. Siku zikaisha, riba ikapanda, akaomba radhi na kuondoka. Sikumlaumu. Dalali wangu ndiye aliyenilaumu, na alikuwa na haki, sikumwambia na yeye pia.

Na mkataba ule ulikuwa haujasema popote kwamba mauzo yanategemea idhini ya mahakama. Kama yule mnunuzi angekuwa mkorofi, angenidai fidia kwa kushindwa kumkabidhi nyumba niliyomuuzia. Mstari mmoja tu ulikosekana. Kwenye mkataba wa pili niliuweka hata kabla ya bei.

Kipepeo

Mimi bado sijaelewa. Mpango wako ulishaidhinishwa, unalipa kila mwezi, nyumba iko kwako. Mahakama inataka nini tena?

Karani Mstaafu

Swali zuri, na hapa hata mawakili hawasomi ukurasa mmoja. Sheria inasema mpango wa Sura ya 13 ukiidhinishwa, mali inarudi kwa mdaiwa, isipokuwa mpango au amri iseme vinginevyo. Kwa hiyo kuna mahakama ambako utasikia wakili akidai kwamba ruhusa haihitajiki. Halafu unakuta fomu ya mpango ya mahakama hiyohiyo ina kisanduku kinachosema mali itabaki kwenye mfuko wa ufilisi (mali inayoshikiliwa kwa ajili ya wadai) hadi mwisho, na mteja wake alikitia alama bila kusoma.

Kwa vitendo, ubishi huo ni wa darasani. Kampuni ya hati haitatoa bima ya umiliki bila kuona amri, na bila bima hiyo benki ya mnunuzi haitoi hata senti.

Ngalawa Mbovu

Mzee Karani, mimi nakubali kwa vitendo. Ila si ubishi wa darasani ukifika kwenye fedha. Nilitaka kulisema hili kesho, ngoja niliseme sasa.

Siku ya maombi nyumba yangu ilithaminiwa. Ukitoa rehani na kinga, haikubaki kitu cha wadai. Miaka miwili baadaye bei za nyumba zimepanda. Ile tofauti ni ya nani? Yangu, au ya wadai?

Mfilisi wangu alidai ni ya wadai, niongeze malipo ya mpango. Wakili wangu akadai ni yangu, kwa sababu mpango ulishaidhinishwa. Wakaandikiana barua kwa wiki mbili (kila barua nalipa mimi). Mwishoni tukakubaliana: sehemu iende kuongeza malipo ya wadai, sehemu ibaki kwangu, na maneno hayo yaandikwe ndani ya amri yenyewe. Hilo la mwisho ndilo nililolishikia bango. Ahadi ya mdomo ya mfilisi sikuitaka, maana mafaili hubadilishana mikono.

Karani Mstaafu

Hapo umenishika, nakubali. Na hatari kubwa zaidi haiko ndani ya Sura ya 13. Iko pale mtu anaposhindwa kulipa mpango akahamishiwa Sura ya 7 nyumba ikiwa bado ni yake.

Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9 ilikuwa na wanandoa wa namna hiyo. Waliingia Sura ya 13 mwaka 2019 nyumba yao ikiwa na thamani ya kama dola 500,000. Walipohamia Sura ya 7 ilikuwa imepanda kwa kama 200,000. Mahakama ikasema ongezeko ni la mfuko wa ufilisi, mfilisi auze. Mzunguko wa 8 ukafuata njia hiyo mwaka 2024. Lakini mzunguko wa 10, mwaka 2022, ulikuwa na wadaiwa waliouza nyumba wakiwa bado ndani ya Sura ya 13 na kuhamishwa baadaye. Kwao fedha zilibaki zao.

Someni mara mbili hapo. Aliyechelewa kuuza akahamishwa, ongezeko limekwenda. Aliyeuza kwanza ndipo akahamishwa, limebaki. Ukiona mpango unakulemea na nyumba imepanda bei, mwone wakili kabla hujakosa malipo ya kwanza, si baada ya kukosa ya tatu.

Mama Pacha

Samahani kaka zangu naingilia. Mimi ni mjane, nyumba iko kwa jina langu peke yangu. Niliingia Sura ya 7, nikaenda kile kikao cha wadai (hakuna mdai hata mmoja aliyekuja, nilijiandaa bure), na baadaye nikapata hati ya kufutiwa madeni. Nikajua yamekwisha. Sasa nimepata mtu anataka kununua nyumba. Nyumba inakadiriwa dola 300,000, rehani imebaki 240,000. Nasoma humu mnaniogopesha. Mimi si nimeshamaliza?

Karani Mstaafu

Dada, pole kwa yote. Hapana, na usisaini chochote leo.

Hati ya kufutiwa madeni inahusu wewe kudaiwa. Haihusu mali yako kurudishwa. Kwenye Sura ya 7 nyumba iliingia kwenye mfuko wa ufilisi siku ile ulipopeleka maombi, na inatoka kwa njia chache: mfilisi aiuze, mfilisi aiachie rasmi, au faili lifungwe ikiwa imeorodheshwa na haijaguswa. Faili linaweza kukaa wazi miezi mingi baada ya wewe kupata hati yako. Uliza kwa wakili swali hili hili: faili limefungwa au liko wazi? Na kama ulipeleka maombi kuanzia 1 Aprili 2025, na jimbo lako linaruhusu orodha ya kinga ya shirikisho, niambie.

Mama Pacha

Nimeuliza. Liko wazi. Na ndiyo kwa yote mawili, kinga niliyotumia ni hiyo ya 31,575. Ndiyo kusema wananisubiri nyumba ipande bei?

Karani Mstaafu

Wapo wanaosubiri, ndiyo. Tufanye hesabu kama anavyoifanya mfilisi mwenyewe.

Bei 300,000. Benki 240,000. Gharama za kuuza, dalali na mengineyo, tuseme asilimia 8, yaani 24,000. Imebaki 36,000. Kinga yako 31,575 inatoka kwanza, hiyo ni yako. Imebaki 4,425 ya wadai.

Sasa ujira wa mfilisi. Sheria inamwekea kiwango cha juu: asilimia 25 ya dola 5,000 za kwanza anazozigawa, asilimia 10 hadi 50,000, asilimia 5 ya zinazofuata hadi milioni moja. Na hesabu hiyo inajumuisha anachoilipa benki, ila haijumuishi anachokupa wewe. Kwa mauzo haya atagawa kama 268,425. Ujira wake wa juu ungefika 1,250 kujumlisha 4,500 kujumlisha kama 10,921. Ni zaidi ya 16,600, na chungu kina 4,425.

Maana yake akiuza, wadai hawapati hata harufu. Mauzo ya namna hiyo hayapaswi kufanywa, na mfilisi mwenye akili hayagusi. Mwambie wakili wako amwandikie aiachie nyumba. Akijivutavuta, kuna ombi la kuitaka mahakama imlazimishe. Peleka na tathmini ya mthamini, si makadirio ya kwenye intaneti, maana hayo hupanda na kushuka kila wiki na yeye atachagua la juu.

Ikishaachiwa, unauza kama mtu mwingine yeyote, bila ombi wala siku 21. Benki italipwa kutoka kwenye bei, kwa sababu kilichofutwa ni wewe kudaiwa. Dhamana yake juu ya nyumba iko palepale. Kinachobaki ni chako.

Fundi Saa

Niwape ya Uingereza na Wales, nimepita huko, ingawa mimi niliokoa nyumba badala ya kuiuza.

Kule mufilisi kwa kawaida anaachiliwa baada ya mwaka 1. Watu wanasherehekea, wanadhani nyumba nayo imeachiliwa. Thubutu. Sehemu yako ya nyumba ilihamia kwa mfilisi alipoteuliwa, na ana miaka 3 tangu amri ya ufilisi ya kuamua aifanye nini. Asipouza, asipokwenda mahakamani wala kukubaliana nawe ndani ya miaka hiyo, inarudi kwako yenyewe. Kanuni hiyo iliingizwa kwenye Sheria ya Ufilisi ya 1986 kwa sababu zamani wafilisi walikuwa wanakaa juu ya nyumba miaka na miaka, bei imepanda, ndipo wanagonga hodi.

Sasa mtego: ukiiuza mwenyewe kati ya siku ya maombi na siku mali inapohamia kwa mfilisi, mauzo hayo ni batili bila idhini ya mahakama. Na ile ya "nimempa mdogo wangu" ya Kipepeo, kule wanarudi nyuma miaka 5.

Sisi nyumba ilikuwa ya majina mawili. Mfilisi alishika sehemu yangu tu, ya mke wangu hakuigusa. Anaweza kuomba mahakama iamuru nyumba nzima iuzwe ili apate nusu yake, na mwaka 1 ukishapita maslahi ya wadai ndiyo yanayotangulia isipokuwa kuwe na hali ya kipekee kabisa. Tulichofanya, shemeji yangu alimkopesha mke wangu, akanunua sehemu yangu kwa mfilisi. Mfilisi alifurahi, hakuna mnada, hakuna dalali. Sehemu yenyewe ikiwa ndogo mno, chini ya pauni 1,000 ukishatoa madeni yaliyo juu yake, mahakama haimruhusu hata kuilazimisha iuzwe.

Mwanagenzi

Na Marekani je, nyumba ikiwa ya wawili na aliyefilisika ni mmoja?

Karani Mstaafu

Mfilisi anaweza kuomba kuuza nyumba nzima na kumpa asiyefilisika sehemu yake taslimu. Lazima athibitishe kwamba kuigawa haiwezekani, kwamba kuuza nusu peke yake kutaleta fedha kidogo mno, na kwamba faida kwa wadai ni kubwa kuliko madhara kwa mwenzako. Huyo mwenzako ana haki ya kuinunua kwa bei ileile kabla haijakwenda kwa mtu mwingine. Hapo sijagusa majimbo ambako nyumba ya wanandoa hushikwa kama kitu kimoja kisichogawanyika. Hiyo ni mada ya uzi mwingine.

Kipepeo

Nakiri nimejifunza. Ila nina swali la upande wa pili. Hao wanaobandika vibao "tunanunua nyumba kwa fedha taslimu, ndani ya siku saba", si wangemfaa Ngalawa?

Ngalawa Mbovu

Walinifuata, tena kwa wingi. Maombi yako ya ufilisi ni kumbukumbu ya umma, na wapo wanaoyapitia kama mwewe anavyopitia vifaranga. Siku saba kwa kawaida haziwezekani kisheria kama nilivyoeleza, kwa hiyo anayekuahidi siku saba ama hajui, ama anajua na ana lake. Mmoja alitaka nimsainie hati kwanza "ya kulinda nyumba", mahakama tutaishughulikia baadaye. Bei yake ilikuwa theluthi mbili ya thamani. Na ombi la bei hiyo jaji asingelikubali, maana kinachoangaliwa kwanza ni kama bei ni ya haki.

Mnunuzi wa pili nilimpata kwa dalali yuleyule, baada ya kumwomba radhi. Safari hii dalali alijua tangu siku ya kwanza, mahakama yetu ilitaka hata yeye aidhinishwe kabla ya kulipwa, na mnunuzi aliambiwa asifunge riba kwa chini ya siku 75. Wakili akaomba zile siku 14 zifutwe, jaji akakubali. Fedha zilipita kampuni ya hati: benki ikalipwa malimbikizo na salio, kodi ya nyumba ikalipwa, dalali akalipwa, mfilisi akatumiwa kilichoandikwa kwenye amri, mimi nikapewa changu. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya yule wa kwanza. Hiyo tofauti ndiyo ada niliyolipa kwa kutopiga simu moja.

Kijana uliyeniandikia faraghani, kama unasoma: siku ya kumwita dalali, wakili ndiye apigiwe kwanza.

Mama Pacha

Kaka zangu, nimerudi baada ya wiki sita. Wakili alimwandikia mfilisi, akaambatanisha tathmini ya mthamini. Mfilisi akajibu kwa mstari mmoja kwamba anaiachia, taarifa ikatumwa, siku 14 za pingamizi zikapita bila mtu kupinga. Yule mnunuzi wa kwanza alishanunua kwingine. Bango limesimamishwa leo asubuhi.